Sentimita Tisa

Fundi alishika ncha moja ya mpira, mimi nikashika ya pili. Ulikuwa ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, urefu wake mita 30, umejazwa maji hadi karibu na mdomo. Yeye alisimama pale choo kitakapokaa, mimi nikasimama ukingoni mwa tangi la septiki, mita 22 kutoka kwake. Kati yetu ilikuwa nyumba ya mama, ambayo siku hiyo ilikuwa bado msingi na marundo ya mawe.

“Usitikise,” akaniambia. “Ngoja maji yatulie.”

Yakatulia. Akapima upande wake, akanipigia kelele nipime wangu, akatoa kwa kichwa, akanyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mama.

“Mama, hapa tuko na sentimita tisa.”

“Tisa za nini?”

“Za kushuka. Kutoka choo mpaka kwa tangi.”

Mama hakuelewa, na mimi pia sikuelewa, lakini sauti ya fundi ilitosha kutuambia kwamba tisa si habari njema. Tangi lilikuwa limeshajengwa na kulipwa na fundi wa kwanza, ambaye simu yake haiingii tena. Wachimbaji wake waliteremka kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela, wakagonga mwamba, wakaona inatosha. Sasa pesa za chama za miaka kumi na moja zilikuwa zimesimama juu ya sentimita tisa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Bomba la choo la inchi 4 linatakiwa kushuka 1 kwa 40: kila ukienda sentimita 40 mbele, unashuka sentimita 1. Kwa mita moja ni sentimita 2.5. Kwa mita 22 ni sentimita 55. Sisi tulikuwa na 9, yaani karibu 1 kwa 244. Tulipungukiwa na 46. Fundi hakuhitaji kalkuleta. Alishika jiwe la inchi 9, akaliweka juu ya jingine, akasema, “Kozi mbili. Tukiinua nyumba kozi mbili, bomba linashuka vizuri.” Kozi mbili ni mawe mengi, na ndani ya msingi ni lori kadhaa za kujazia. Mama akasema tutaongea.

Usiku huo nilitaka kujua nani aliamua kwamba ni 40. Kwa nini si 100? Nani alikaa mahali fulani akaandika namba ambayo ingekuja kumsumbua mama yangu?

Kumbe watu wamepigania swali hili muda mrefu. Ule mpira wa fundi una babu yake: Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, alieleza ubao wa futi 20 wenye mfereji wa maji juu yake, wa kupimia usawa. Akili ni ileile, kwamba maji yakitulia hayadanganyi. Kwa vifaa vya aina hiyo Warumi walipeleka maji safi hadi mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, kwa njia ya kilomita 50 hivi inayoshuka mita 12 na kitu. Gawanya uone. Ni chini ya 1 kwa 3,900. Kwa hiyo maji peke yake hayana shida, hata mteremko usioonekana kwa macho yataufuata. Shida ni kile tunachoyatuma yabebe.

Aliyetupa hesabu ya kasi alikuwa Robert Manning, aliyezaliwa mwaka 1816 na kuingia ofisi ya kazi za umma ya Ireland mwaka 1846, wakati wa njaa kuu, akiwa mhasibu. Uhandisi wa maji hakuusomea. Aliokota vitabu akajifundisha, akaishia kuwa mhandisi mkuu, na mwaka 1889, akiwa na miaka 73, akasoma mbele ya wenzake kanuni ambayo mpaka leo inafundishwa katika kila chuo cha uhandisi duniani. Yeye mwenyewe hakuipenda sana. Alipendekeza nyingine, ngumu zaidi, ambayo hakuna anayeitumia. Nampenda kwa hilo.

Kanuni ya Manning inasema kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha mteremko. Punguza mteremko mara nne, kasi inapungua nusu. Bomba la inchi 4 la udongo au saruji, likiwekwa 1 kwa 40, linapitisha maji kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Liweke 1 kwa 100, unapata mita 0.66. Kwa 1 kwa 244, ile yetu, ni kama mita 0.42. Wahandisi hutaka angalau 0.6, kwa sababu chini ya hapo mchanga na uchafu huanza kukaa. Na hizo ni kasi za bomba lililojaa. Bomba la nyumba moja halijai hata siku moja. Mtu anavuta maji ya choo mara moja, maji yanapita kama ulimi mwembamba kwenye sakafu ya bomba, yanapungua nguvu, yanaacha mzigo njiani. Ndiyo maana mafundi wa zama za Manning walitia chumvi upande wa usalama wakashika kanuni nyepesi, inayoitwa ya Maguire: chukua kipenyo cha bomba kwa inchi, zidisha kwa 10. Inchi 4, 1 kwa 40. Inchi 6, 1 kwa 60. Inchi 9, 1 kwa 90. Waingereza walipokuja na sheria zao za ujenzi, namba hizo nazo zilisafiri. (Kuna mafundi wanaosema ukizidisha mteremko maji yatakimbia yaache kinyesi nyuma. Huo ubishi haujaisha, na mimi siuingii.)

Namba moja ndogo, basi, na ardhi isiyoijali. London ilikutana nayo baada ya ule mwaka wa uvundo, 1858, wakati mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa. Joseph Bazalgette alilaza mifereji mikuu kuelekea mashariki ikishuka futi 2 tu kwa kila maili. Aliweza kwa sababu mfereji mkubwa wenye maji mengi hujisukuma hata kwenye mteremko mdogo, na kwa matawi madogo alipendelea umbo la yai, upande mwembamba chini, ili hata maji kidogo yabanwe yaende kasi. Lakini futi 2 kwa maili nazo hukusanyika. Mifereji ilifika mashariki ikiwa chini mno, na ikabidi injini za mvuke zipandishe majitaka juu, kule Crossness kuanzia 1865 na Abbey Mills baadaye kidogo. Mteremko uliisha, ukanunuliwa kwa makaa ya mawe.

Chicago ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mji ulikaa kwenye kinamasi kando ya Ziwa Michigan, mita moja na kitu tu juu ya maji. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua takriban watu 1,400. Mwaka uliofuata wakaunda bodi ya majitaka na kumwita Ellis Chesbrough kutoka Boston. Chukua mfano uone alichokiona. Mfereji wa kilomita moja, ukiushusha 1 kwa 500 tu, unahitaji mita 2 za kushuka. Mji mzima haukuwa na mita 2. Ukichimba, unaingia chini ya mto unaotaka kumwagia.

Jibu la Chesbrough lilikuwa la mtu aliyekataa kubishana na hesabu: kama chini hakuna nafasi, tutaitafuta juu. Alipendekeza mabomba yalazwe juu ya barabara zilivyo, yafunikwe kwa udongo, na barabara mpya zijengwe juu yake. Mahali pengine barabara zilipanda karibu mita 3. Mji ukapitisha sheria. Na nyumba? Nyumba zilibaki chini, milango ikitazama kuta za udongo, kwa hiyo zikainuliwa. Mwaka 1860, safu nzima ya majengo ya matofali kwenye mtaa wa Lake iliwekewa jeki 6,000. Watu 600 wakazizungusha kwa pamoja, kila filimbi ikilia robo mzunguko, na kwa siku 5 safu hiyo ikapanda futi 4 na inchi 8. Maduka yalikuwa wazi wakati huo. Hoteli ziliinuliwa wageni wakiwa ndani wanakula. Mmoja wa makontrakta wa kazi hizo alikuwa George Pullman, ambaye baadaye angetajirika kwa mabehewa ya kulalia.

Nilipomsimulia fundi kesho yake alicheka mpaka akaketi. “Jeki elfu sita! Na sisi kozi mbili mama ako na presha.”

Sikumwambia sehemu mbili zilizobaki. Ya kwanza: barabara ziliinuliwa na mji, lakini nyumba kila mtu alijilipia yake. Matajiri walikodi jeki. Wengine waliweka nyumba zao za mbao kwenye magogo wakazivingirisha kwenda kwingine, na wengine waliachwa chini. Ukienda leo mtaa wa Pilsen, kuna nyumba ambazo ghorofa yake ya kwanza iko chini ya barabara, unashuka ngazi kuingia uani. Ya pili: majitaka ya Chicago yalipopata mteremko yalienda mtoni, mto ukaenda ziwani, na ziwa ndilo walilokuwa wakinywa. Walichimba handaki la maili 2 chini ya ziwa wakateke maji mbali zaidi, likafunguliwa 1867. Haikutosha. Mwaka 1900 wakafungua mfereji wa maili 28 uliogeuza mto wenyewe, ukaanza kuondoka ziwani na kuelekea bonde la Mississippi. Miji ya huko chini haikushangilia.

Sasa tuje kwetu. Lamu iliwahi kupata jibu bila jeki: ukitembea vichochoro vyake utaona vimifereji vya wazi vinavyoteremka kuelekea pwani, kwa sababu mji umejengwa kwenye mgongo wa ardhi unaotazama bahari. Nairobi haikujengwa kwa ajili ya maji. Ilijengwa kwa ajili ya mabehewa. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, kutoka Mombasa kupitia nyanda za Athi, zilezile ambako mama alinunua ploti. Mbele kulikuwa na mlima wa kupanda kwenda ukingo wa Bonde la Ufa, na wahandisi walitaka tambarare ya karakana, stoo, na mahali pa kupanga mabehewa kabla ya kupanda. Fikiria hilo kidogo. Mhandisi wa reli anatafuta ardhi ambapo behewa likiachwa halitembei lenyewe. Ardhi ya aina hiyo ndiyo ambapo majitaka pia hayatembei. Kile kilichofanya Nairobi iwe stesheni nzuri ndicho kilichoifanya iwe mji mbaya.

Haikuchukua muda. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye soko la Wahindi, na serikali ikajibu kwa kulichoma moto. Madaktari wakapendekeza mji uhamishwe, utafutiwe ardhi inayoteremka. Winston Churchill alipita mwaka 1907, na katika kitabu alichotoa mwaka uliofuata akaafiki kwamba mahali hapakuwa pazuri ila sasa wamechelewa kuhama. Tauni iliendelea kurudi. Kisha mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya miji ya tropiki, na ripoti yake ikashauri kitu tofauti kabisa na Chesbrough. Alishauri wakazi wa miji watenganishwe kwa rangi, kwa jina la afya.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikatoka nje kupumua. Kwa sababu Nairobi haikukosa mteremko. Mji mzima umeinama. Magharibi kuko juu, mashariki kuko chini, na mito yote inaelekea mashariki. Wazungu walichukua juu. Jina la Kilimani linajieleza lenyewe. Kwenye tambarare ya chini ya stesheni wakawekwa waliojenga reli na waliobeba mizigo. Miaka ya 1920 ikaja Pumwani, ambako vyoo vilikuwa vya pamoja. Hesabu ya mteremko ilifanywa vizuri sana, ila kwa upande mmoja wa jedwali.

Mabomba makuu ya majitaka ya Nairobi hufuata mabonde ya mito, kwa sababu bomba la kutegemea mteremko lazima lifuate njia ambayo maji yalishaichagua. Watu wasio na mahali pa kwenda nao walisukumwa kwenye mabonde hayohayo. Neno mukuru kwa Kikuyu ni bonde. Kwa hiyo Mathare na Mukuru kuna watu waliozaliwa wakakua hatua chache kutoka kwenye bomba kubwa linalobeba choo cha mitaa ya juu kwenda Ruai, na wao wenyewe hawana pa kuunganisha. Mwaka 2024, Aprili na Mei, mto Mathare ulipopanda, ulikuja na vyote viwili, mvua na yaliyomo. Baada ya maji, yakaja matingatinga ya kubomoa waliojenga karibu na mto.

Sababu iliyotolewa mara nyingi kwa kutounganisha ni ya kihandisi: nyumba zimebanana, mitaro inahitaji kina na upana, mteremko hautoshi. Na hapa ile 1 kwa 40 inarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa mji wa Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazil, walikuwa na mitaa iliyobanana hivyohivyo. Badala ya kusema haiwezekani, walirudia hesabu. Waliona kwamba bomba la inchi 4 likihudumia nyumba nyingi pamoja, maji ya nyumba ya juu huja kusukuma mzigo ulioachwa na nyumba ya chini. Mzigo unakwama, unangoja, unasukumwa tena. Hivyo mteremko wa 1 kwa 200 unafanya kazi. Mitaro ikawa mifupi kwa kina, mabomba yakapita nyuma ya nyumba, vichochoroni. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, mfumo wa aina hii ndio uliochaguliwa.

Soma tena uone. Namba iliyotakiwa kuwa sheria ya maumbile ilikuwa namba ya mtu anayeishi peke yake. Nyumba moja, bomba moja, 1 kwa 40. Mkiwa wengi kwenye bomba moja, mnahitaji kushuka kidogo zaidi ya theluthi ya sentimita moja ya ziada... hapana, nimepiga vibaya, na naliacha kosa hilo hapa mlione: mnahitaji nusu sentimita kwa mita, badala ya mbili na nusu. Mara tano pungufu.

Lakini mama yangu yuko peke yake na tangi lake. Kitengela kwetu hakuna bomba la kuungana nalo. Akakubali kozi mbili. Mawe yalikuja Jumatatu, ya kujazia Jumatano, na kufikia Ijumaa msingi wetu ulikuwa umesimama juu ya mtaa kama jukwaa. Fundi akalaza bomba, akapima tena kwa mpira, akaniita nione: sentimita 55 na kidogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Jumamosi jirani wa upande wa chini akaja akasimama kwenye ua. Nyumba yake ilijengwa miaka sita iliyopita, chini, sawa na ardhi.

“Hamjambo hapo. Mama, nimeona mmepanda.”

“Tumepanda kidogo, mzee. Ni choo kilitulazimisha.”

“Ni sawa. Mimi nauliza tu. Mvua ikikuja, maji yenu mtayapeleka wapi?”

“Si yetu, mzee, ni ya mvua.”

“Ndiyo,” akasema. “Lakini zamani yalikuwa yanakaa kwenu pia.”

Mama akanitazama. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu nikisoma habari za Chicago, mji ulioinuka kwa sheria moja, mtaa kwa mtaa, na kule kwetu kila mtu anainuka siku yake. Ploti ya mbele yetu ilishapanda mwaka jana. Ya nyuma itapanda. Mwenye kujenga mwisho anakuwa juu ya wote, na aliyejenga kwanza anakuwa kidimbwi.

Alasiri hiyo tulitoa ule mpira tena. Fundi upande mmoja, mzee wa jirani upande wa pili, mimi nikihamisha alama, tukapima kutoka kona ya ploti yetu hadi kalvati ya barabara kubwa, mita 60, kwa hatua mbili kwa sababu mpira haufiki. Tulipata sentimita 31. Ni 1 kwa 194 hivi. Kwa bomba la choo la nyumba moja ningekata tamaa. Kwa mtaro wa mvua wa saruji, unaobeba maji ya ploti nne, fundi alisema utaenda, mradi usijazwe takataka.

Ploti nne. Mzee alikubali papo hapo. Mama akakubali akiwa amekunja uso, akihesabu saruji. Wa tatu, mwalimu, alileta vijana wawili na koleo. Wa nne hatumjui. Ploti yake ni nyasi na ukuta wa mawe, na kwenye ukuta kumeandikwa kwa rangi nyekundu PLOTI HII HAIUZWI, na namba ya simu. Tumepiga mara nyingi. Inaita tu.

Mtaro umefika kwenye ukuta wake. Upo hapo, mita 41, umelainishwa vizuri kwa saruji. Kutoka hapo hadi kwenye kalvati ni mita 19 na sentimita 10 za kushuka. Mawingu ya Novemba yameanza kukaa upande wa Ngong, na jana fundi alipita akauliza kama yule mtu ameshika simu.